Jinsi ya kutengeneza kifyonzaji cha grafini na kukitia kwenye leza ya faiba, hapa hapa visiwani

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa fizikia, mwalimu wa maabara au fundi wa faiba wa Unguja na Pemba anayetaka kujenga leza ya mapigo mafupi. Nakusudia mapigo ya mwanga ambayo hata pikosekunde moja hayafiki, na pikosekunde ni sekunde moja igawiwe kwa trilioni. Vifaa vingi vya leza hii lazima viagizwe kutoka nje. Lakini kile kipande kinachoifanya leza ya kawaida iwe ya mapigo unaweza kukitengeneza mwenyewe kwa unga wa kinywe, maji, dawa ya kutenganisha na plastiki inayoyeyuka katika maji.

Kukitengeneza si kazi kubwa. Kazi ipo kwenye mambo mawili: kukikinga na unyevu wa visiwani, na kuthibitisha kwamba mapigo unayoyaona yanatokana nacho na si na kitu kingine. La pili wengi huliruka, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Elewa kwanza unachokitengeneza

Kinywe ni kaboni iliyopangwa matabaka juu ya matabaka. Tabaka moja peke yake, lenye unene wa atomu moja, ndilo grafini. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walionyesha kwamba tabaka hilo linaweza kutengwa kwa kubandika na kubandua utepe wa kunata, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Tabaka hilo moja hufyonza takriban asilimia 2.3 ya mwanga unaopita, na hiyo ni nyingi sana kwa kitu chembamba kiasi hicho.

Mwanga ukiwa hafifu, grafini hufyonza sehemu ile ile siku zote. Ukiwa mkali sana, elektroni nyingi hupanda kwa pamoja na kujaza nafasi za juu, na kwa kuwa elektroni mbili haziwezi kukaa hali moja, mwanga unaofuata hukosa wa kuufyonza. Unapita. Grafini imeshiba. Baada ya pikosekunde chache elektroni hutulia na grafini huanza upya. Kwa sababu hiyo kitu kama hiki tunakiita kifyonzaji kinachoshiba.

Sasa kiweke ndani ya pete ya faiba inayotoa mwanga. Mwanga wa leza haujatulia kabisa, ndani yake mna vilele vidogo vidogo vya nasibu. Kilele kinachowazidi wenzake nguvu kidogo hupita kwenye grafini kwa hasara ndogo kuliko mwanga hafifu, kinaongezwa nguvu na erbiamu (elementi iliyotiwa ndani ya faiba ili ikuze mwanga), kinazunguka, kinarudi, kinashinda tena. Baada ya mizunguko mingi mwanga wote wa pete huwa umejikusanya kwenye pigo moja. Modi za leza, yaani mawimbi ya masafa mbalimbali yanayoweza kukaa ndani ya pete, ambazo mwanzo kila moja ilikuwa na wakati wake, zimefungana mdundo mmoja kama wapiga dufu waliozoeana. Leza za faiba zilizofungwa modi kwa grafini zilianza kuripotiwa mwaka 2009. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na vioo vya semikonda, vilivyoanzishwa na Ursula Keller mwaka 1992, na baadaye na mirija midogo sana ya kaboni.

Utasikia habari za vitu vingine vya matabaka: molibdenamu disalfaidi, fosforasi nyeusi, MXene. Kwa anayeanza hapa kwetu, ushauri wangu ni kuviacha. Molibdenamu disalfaidi ya tabaka moja ina pengo la nishati (kiwango ambacho mwanga lazima ukifikie ili ufyonzwe) la elektronivolti 1.8 hivi, na fotoni ya nanomita 1550, yaani chembe ya mwanga wa leza yetu, ina 0.8 tu, kwa hivyo ufyonzaji wake hapo unategemea kasoro na kingo za vipande, jambo gumu kulidhibiti. Fosforasi nyeusi pengo lake linafaa sana, lakini hewa yenye maji huila. MXene nayo huoza ikikaa kwenye maji na hewa. Grafini haina pengo, hufyonza rangi zote, na unyevu hauigusi. Kinachoguswa na unyevu ni plastiki inayoibeba, na hilo tutalifikia.

Usalama

Mwanga wa nanomita 980, wa leza ya kusukumia inayoipa erbiamu nishati, na wa 1550, unaotolewa na pete, hauonekani kwa macho. Wa 980 unapita moja kwa moja hadi kwenye retina na unaweza kuichoma bila ya wewe kuhisi kitu. Usitazame kamwe ncha ya faiba leza ikiwa inawaka, na kila unapofungua kiunganishi zima kwanza leza ya kusukumia, kisha mita ikuthibitishie kwamba imezima. Vaa miwani iliyotengenezwa kwa mawimbi hayo, maana miwani ya jua haikingi. Vipande vya faiba iliyokatwa vitie kwenye chupa yenye mfuniko, kwani kikiingia kwenye ngozi hukioni. Unga mkavu wa kinywe usiupeperushe. Vaa barakoa mpaka uwe umeshalowa.

Hatua ya 1: Wino wa grafini

Kinywe kinachimbwa Tanzania Bara. Mahenge, mkoani Morogoro, inajulikana kwa kinywe chenye magamba makubwa. Kwa kazi hii hata unga wa maabara unatosha, mradi uwe safi.

Chukua mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, si ya bomba wala ya kisima. Maji yetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, na chokaa huifanya dawa ya kutenganisha igande. Yeyusha ndani yake nusu gramu hadi gramu 1 ya sodiamu deoksikoleti, ndiyo dawa yetu ya kutenganisha, kisha tia gramu 1 ya unga wa kinywe. Weka chombo kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa saa 6 au zaidi. Maji ya bafu hupata moto, kwa hivyo yabadilishe kila baada ya muda. Umeme ukikatika katikati si hasara, utaendelea pale pale ulipoachia.

Huna bafu hilo? Blenda ya jikoni inafanya kazi. Mwaka 2014 watafiti wa Trinity College ya Dublin walionyesha kwamba kinywe kikikorogwa kwa kasi kwenye blenda pamoja na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, hutoa grafini ya matabaka machache. Blenda ya Darajani basi inatosha, ila isirudi tena jikoni, na izungushe kwa dakika chache chache ili mota isiungue. Sabuni za dukani zina rangi na manukato ambayo hubaki kwenye filamu, ndiyo maana mimi napendelea deoksikoleti ikipatikana.

Kisha zungusha wino kwenye sentrifuji, mizunguko 1500 kwa dakika kwa saa moja. Magamba mazito yatashuka chini. Vuta kwa bomba la sindano nusu ya juu tu na uache tope. Ukikosa sentrifuji, acha chupa itulie usiku kucha bila ya kuitikisa, halafu vuta robo ya juu. Wino mzuri ukiuinamisha kwenye chupa huacha ukutani utando wa kijivu ulio sawasawa, na ukiuelekeza dirishani mwanga hupita kama kwenye moshi. Ukiona punje nyeusi zinang'aa, rudia.

Hatua ya 2: Filamu mbili, si moja

Nunua polivinaili alkoholi, kwa kifupi PVA, kutoka kwa wauzaji wa kemikali. Gundi nyeupe ya maseremala nayo huitwa PVA lakini hiyo ni polivinaili asetati, kitu kingine kabisa, usije ukauziwa hiyo. Tia gramu 1 ya PVA kwenye mililita 20 za maji yaliyotoneshwa, pasha moto mpaka nyuzijoto 90 hivi huku ukikoroga taratibu, hadi maji yawe angavu bila ya madonge. Acha yapoe.

Gawa mara mbili. Nusu ya kwanza changanya na wino wa grafini kwa kipimo sawa. Nusu ya pili changanya na maji yenye deoksikoleti ile ile, bila ya kinywe. Mimina kila moja kwenye sahani yake ya petri, juu ya meza iliyo sawa, filamu zikikauka ziwe na unene wa mikromita 30 hadi 50. Ile filamu tupu utaiona kama upotevu wa kemikali. Si upotevu, nayo ndiyo itakayokuwa shahidi wako.

Kukausha ndiko kunakotaka subira. PVA inapenda maji, na hewa ya Unguja mara nyingi ina unyevu wa asilimia 80. Ukiiacha sahani mezani wakati wa masika, filamu hubaki laini na kunata kwa siku nyingi, na vumbi lote la chumba hulala juu yake. Ziweke sahani kwenye sanduku la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vijipakiti vingi vya silika, ubadilishe silika inapogeuka rangi, na uipashe kwenye oveni ili itumike tena. Usizikaushe filamu zenyewe kwa moto. Zikikauka haraka hutoa mapovu na kujikunja. Ukiweza kuchagua, fanya kazi hii wakati wa kipupwe, kati ya Juni na Agosti.

Filamu iliyokauka hujibandua yenyewe pembeni. Ingiza wembe chini ya ukingo, inua kwa kibano, na itoke nzima kama karatasi ya plastiki ya rangi ya moshi. Izungushe kwenye mwanga. Sehemu yenye rangi iliyo sawa ndiyo ya kukata, yenye madoa iache.

Kuhifadhi: kopo la chuma lenye silika, liwe limefungwa. Chumba kikiwa na kiyoyozi na umeme ukakatika, hewa ya nje yenye maji huingia na kutua kama umande juu ya kila kitu kilichokuwa baridi. Kwa hivyo usilifungue kopo mpaka lenyewe lipate joto la chumba.

Hatua ya 3: Jenga pete bila ya filamu

Unahitaji leza ya kusukumia ya nanomita 976 au 980 yenye milwati 200 hadi 300, kiunganishi cha WDM cha 980/1550 (kinachoingiza mwanga wa mawimbi hayo mawili kwenye faiba moja), faiba ya erbiamu, aizoleta (inayoruhusu mwanga kwenda upande mmoja tu), kapla ya 90/10 (inayogawa mwanga asilimia 90 na 10), kidhibiti cha polaraizesheni (yaani cha mwelekeo ambao mwanga unatikisika), na viunganishi viwili vya FC/PC vyenye adapta. Aizoleta iwe ile isiyochagua polaraizesheni, na sababu yake inakuja. Urefu wa faiba ya erbiamu unategemea jinsi ilivyokolezwa: iliyokolezwa sana mita 1 hutosha, iliyo hafifu huhitaji mita kadhaa.

Kwa kuunganisha faiba mtafute fundi wa intaneti. Wako Unguja na Pemba, mashine wanazo, na mikono yao ni myepesi kuliko ya watu wengi wa maabara. Mwambie mapema kwamba viunganishi vyake vya kijani havifai hapa, kwa kuwa ncha zake zimekatwa mteremko wa digrii 8 na filamu haikai sawasawa kati ya ncha bapa na ya mteremko. Mita yake ya mwanga na tochi yake nyekundu ya kutafutia palipovunjika zitakusaidia pia.

Mpangilio ni huu: WDM, faiba ya erbiamu, aizoleta, kapla, kidhibiti, viunganishi, kisha kurudi WDM. Asilimia 10 ya kapla ndiyo mwanga wako wa kupima. Ukiwasha leza ya kusukumia na kuzima taa za chumba, faiba ya erbiamu itaonekana inang'aa kijani hafifu kwenye duara lake. Ni ioni za erbiamu zinazopokea nishati mara mbili na kuitoa kwa rangi inayoonekana. Ikiwa kijani kimekatika ghafla mahali, hapo pana mpasuko au uungaji mbaya.

Hakikisha leza inawaka kwenye 1550 au karibu yake. Kisha, filamu ikiwa bado koponi, panda polepole hadi nguvu ya juu kabisa huku ukizungusha kidhibiti kila upande, ukitazama osiloskopu. Unatafuta mapigo ambayo hayapaswi kuwepo. Polaraizesheni ya mwanga mkali huzunguka ndani ya faiba kulingana na nguvu yake, na kifaa chochote kinachopitisha polaraizesheni moja zaidi ya nyingine, mfano aizoleta ya kawaida, hugeuka kifyonzaji bandia. Pete kama hiyo hufunga modi yenyewe bila ya grafini hata chembe. Faiba iliyokolezwa erbiamu sana nayo huweza kujipiga kwa sababu ya ioni zilizokaa jozi jozi. Ukiona mapigo hapa, badilisha kifaa kimoja kimoja mpaka pete inyamaze. Andika kila kitu: nguvu, urefu, tarehe.

Hatua ya 4: Weka filamu

Zima pampu, yaani leza ya kusukumia. Futa ncha zote mbili kwa isopropanoli na kitambaa kisichotoa nyuzi, kisha zitazame kwa hadubini ya ncha za faiba. Kiini kinachopitisha mwanga kina upana wa mikromita 9 hivi, na chembe moja ya chumvi ya upepo wa bahari inaweza kukifunika chote na kuungua hapo hapo. Chumvi haitoki kwa kitambaa kikavu, inataka kimiminika.

Kata kipande cha filamu cha milimita 1 kwa 1, kiweke katikati ya ncha moja kwa kibano, ingiza kwenye adapta na ukaze kwa vidole, si kwa koleo. Pima upotevu kwa chanzo cha 1550 na mita. Desibeli 2 hadi 3 ni nzuri. Ukizidi 5, filamu ni nene mno au ina donge.

Hatua ya 5: Tafuta mapigo

Piga hesabu kwanza ya unachokitafuta. Mwanga ndani ya faiba huenda kama mita milioni 204 kwa sekunde. Pete ya mita 10 basi hutoa pigo moja kila nanosekunde 49, yaani megahazi 20.4. Ukijua namba hii kabla ya kuwasha, osiloskopu haitakudanganya.

Panda taratibu. Mara nyingi utaona kwanza mapigo mapana ya mikrosekunde yenye kasi ya makumi ya kilohazi. Hayo ni ya kuswichi Q, leza inajaza na kumwaga nishati. Ishara yake ni kwamba ukiongeza pampu, kasi nayo hupanda. Endelea na uzungushe kidhibiti kidogo kidogo. Modi zikifunga, skrini hubadilika kwa ghafla: mistari myembamba iliyosimama kila nanosekunde 49, na sasa ukiongeza pampu kasi haisogei, kwa sababu imewekwa na urefu wa pete tu. Ukizidisha sana pigo litagawanyika likawa mawili au matatu. Punguza hadi libaki moja.

Hatua ya 6: Itoe

Hapa ndipo kazi inapothibitika. Usiguse kidhibiti. Zima, toa filamu ya grafini, weka mahali pake ile filamu tupu ya PVA, washa hadi nguvu ile ile. Kisha zungusha kidhibiti kote. Mapigo yakiwa hayarudi kabisa, na yakirudi ukirejesha grafini, una haki ya kusema ni grafini. Kuitoa filamu na kuacha viunganishi vitupu hakutoshi, maana hupunguza pia upotevu wa pete, na mtu anaweza kukuuliza kama tofauti imeletwa na upotevu. Filamu tupu inalijibu swali hilo kwa sehemu kubwa. Lililobaki ni desibeli alizokuwa akizifyonza grafini mwenyewe, na hizo unaweza kuzifidia kwa kukunja faiba kidogo mpaka mita isome upotevu ule ule. Fanya hivyo kwa zaidi ya kipande kimoja.

Nalisisitiza hili kwa moyo wote. Mwanafunzi wa Tunguu au wa Chake Chake akipeleka matokeo yenye shahidi huyu, hakuna wa kuyatilia shaka kwa sababu ya mahali yalipotoka.

Hatua ya 7: Pima pigo

Ukipata kipima spektra, solitoni, yaani pigo linalosafiri kwenye faiba bila ya kupoteza umbo lake, itajionyesha kwa vilele vidogo vya pembeni, vilivyopangika pande zote mbili za kilele kikuu. Soma upana wa kilele kikuu kwenye nusu ya urefu wake. Ukiwa nanomita 5 kwenye 1550, hiyo ni terahazi 0.62, na kwa solitoni zao la muda na upana halishuki chini ya 0.315, kwa hivyo pigo haliwezi kuwa fupi kuliko femtosekunde 500 hivi. Hicho ni kikomo, bado si kipimo. Kipimo ni otokorileta, kifaa kinachopima urefu wa pigo kwa kulilinganisha na nakala yake, na unachokisoma hapo ugawe kwa 1.54. Bila ya otokorileta andika wazi kwamba muda umekadiriwa kutoka kwenye spektra.

Nishati ni rahisi: wastani wa nguvu ugawe kwa kasi ya mapigo. Milwati 0.2 kwenye megahazi 20 ni pikojuli 10 kwa pigo, na kwa femtosekunde 500 kilele chake ni wati 17 au 18.

Mwisho, iache leza iwake kwa saa 24 ukirekodi nguvu na spektra, kwenye chumba ambacho joto na unyevu wake umeviandika. Filamu ikichoka utaona nguvu inayohitajika kuanzisha mapigo inapanda kidogo kidogo, au upotevu unabadilika ghafla. Fungua, tazama ncha kwa hadubini. Duara dogo lililoungua katikati maana yake pampu ilikuwa kubwa au ncha ilikuwa chafu. Filamu iliyovimba na kuwa na ukungu maana yake maji yameingia. Ikikutokea hivyo kila masika, achana na PVA, tengeneza filamu kwa PMMA, plastiki ya akriliki, ambayo hainywi maji sana, ila hiyo inataka viyeyusho vya kikaboni na kabati la kuvuta hewa. Vinginevyo kata kipande kingine kutoka koponi, safisha ncha, na anza tena kutoka hatua ya 4.